Minara ya Mzee Kihwele

Nimeacha kupanda minara ya antena mwaka huu. Goti la kushoto ndilo lililoandika barua ya kustaafu, mimi niliitia sahihi tu. Vijana niliowaachia karakana pale Mbeya wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii, nami nimeona nisiwachoshe na habari za tenda nilizopata. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na jambo moja lililonishtua kuliko yote. Mpaka leo nikilisimulia, mikono yangu hutafuta kitu cha kushika.

Jina langu ni Sekela. Nyumbani ni Tukuyu, lakini ufundi niliupatia Iringa, katika chuo ambacho darasa letu la umeme lilikuwa na wasichana wawili, na mmoja aliolewa kabla ya mtihani. Nilipomaliza nilikwenda kuomba kazi kwa Mzee Kihwele, Mhehe mrefu, mkimya, aliyekuwa akijenga minara ya antena kwenye nyumba za watu. Televisheni zilikuwa ndiyo zimeanza kuingia majumbani. Huku kwetu milima ni mizuri kwa macho lakini huyazuia mawimbi yasifike, na aliyejenga bondeni asipoinua antena yake juu sana anaishia kutazama chenga nyeupe.

Siku ya kwanza sikupewa spana. Nilipewa mkanda. Mzee Kihwele alinionyesha mnara uliokuwa nyuma ya karakana yake, akaniambia nipande hatua tatu na kushuka. Kesho yake sita. Wiki nzima nilipanda na kushuka bila kufanya kazi yoyote huko juu, huku wapita njia wakisimama kumtazama mwanamke aliyevaa ovaroli. Mama mmoja muuza ndizi alimuuliza mzee kama nimepewa adhabu. Mzee akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba atakayefuata ni yeye.

Mkanda ule ulikuwa na kamba mbili zenye ndoano. Sheria yake ilikuwa moja: kamba ya kwanza haifunguliwi mpaka ya pili iwe imeshafungwa juu yake. Ukipanda, unahamisha moja, unajivuta, unahamisha nyingine. Ni mwendo wa kinyonga, na mteja aliye chini hukuona mzembe. Mwache akuone hivyo. Spana ilifungwa kwa uzi kwenye kifundo cha mkono, maana niliwahi kuiangusha moja ikatua kwenye chungu cha maharage cha jirani, na maharage yalikuwa yameiva. Kabla ya kuchimba shimo la msingi, Mzee Kihwele alikuwa akisimama katikati ya uwanja na kuulaza mnara kwa macho kila upande. Kama ukianguka upande wowote utagusa nyaya za umeme, tulihama hapo, hata mwenye nyumba akinuna. Radi ilikuwa hatuingojei tuione. Ukisikia ngurumo ya mbali kabisa, unashuka.

Na kabla ya kupanda mnara wa zamani, ilikuwa lazima kuugonga. Unachukua spana, unainama chini kabisa pale chuma kinapotoka kwenye zege, unagonga mguu mmoja mmoja kwenda juu. Chuma kizima hulia. Chuma kigonjwa hujibu kama boga. "Usiulize nani kaujenga," alikuwa akiniambia. "Gonga."

Nilikaa kwake miaka sita, kisha nikahamia Mbeya na kufungua karakana yangu. Tuliendelea kupigiana simu. Akipata kazi upande wa Mbeya ananiachia, nikipata ya Iringa mjini namwachia yeye. Nilimwita Baba, na sikumwita hivyo kwa heshima tu.

Vingamuzi vilipoingia, kila mtu akataka antena yake igeuzwe au ibadilishwe. Minara iliyokaa miaka bila kuguswa ikaanza kupandwa tena. Ndipo nikaitwa Igowole, kwa mwalimu mstaafu mwenye shamba la miti. Mnara wake ulikuwa wa vipande vitano, umepakwa rangi ya fedha, umevutwa na nyaya pande tatu. Nikamuuliza nani aliujenga. Akasema ni Mzee Kihwele wa Iringa, zamani sana, kabla mimi sijaanza kazi kwake.

Niliposikia jina hilo sikuugonga. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa mashamba ya chai nami nilitaka kumaliza mapema, lakini huo ni udhuru. Sikuugonga kwa sababu ulikuwa wa Baba.

Nilikuwa nimeshapita paa la nyumba niliposikia mlio mfupi chini yangu, kama mtu anayekohoa mara moja. Mguu mmoja wa mnara ukazama. Mnara mzima ukaegemea upande wa bustani, nami nikiwa nimefungwa juu yake kwa mkanda uleule wa kuniokoa. Nyaya za upande wa pili zikakaza, zikalia, zikashika. Mnara ukasimama hivyo, umeinama.

  Niliukumbatia mnara, shavu likiwa kwenye chuma, na kwa muda ambao siwezi kuupima sikuweza kufungua hata kidole. Mwalimu alikuwa chini ananiuliza kitu, sikumwelewa. Kilichonishusha ni ile wiki ya kupanda na kushuka bure. Mikono ilianza kufanya yenyewe: fungua ya chini, funga, shusha mguu, fungua ya juu, funga. Nilishukia upande wa miguu miwili iliyobaki. Nilipokanyaga ardhi nilikaa papo hapo kwenye matope, na mke wa mwalimu akanifunika kitenge kama mzazi.

Nilipopata nguvu nilikwenda kuutazama ule mguu. Lilikuwa ni bomba, limepasuka juu kidogo tu ya zege, na kwenye ufa yalikuwa yakitoka maji yenye rangi ya chai ya rangi. Nje liling'aa, limepakwa vizuri. Ndani lilikuwa limeliwa lote, limebaki jembamba kama ganda la yai. Nikaingiza ncha ya spana kwenye mguu wa pili, ule niliokuwa nimeshukia. Ikapenya.

Siku iliyofuata nilikwenda Iringa. Nilimkuta Mzee Kihwele amekaa nje ya karakana anatengeneza redio, nikamsalimu, nikamwekea mapajani kipande cha bomba nilichokata baada ya kuulaza mnara wa mwalimu. Nilimweleza yote. Alikigeuza kile kipande mara nyingi. Kisha akaniambia kwamba miaka yake ya kwanza alijenga kwa mabomba, kabla hajahamia vyuma vya pembe visivyo na uwazi ndani. Ncha za chini alizizamisha kwenye zege zikazibwa kabisa. Maji ya mvua yaliingilia juu, yakashuka, yakakosa pa kutokea. Ilitosha kutoboa tundu dogo juu kidogo ya zege. Hakuna aliyemfundisha, naye hakulifikiria.

"Ni mingapi, Baba?" nikamuuliza.

"Kumi na saba," akasema. "Na yote inapandika."

Kesho yake asubuhi tukaanza safari. Alikuwa na daftari la zamani lenye majina ya wateja na vijiji. Wengine tuliwapigia simu, tukawaambia wasiiguse minara yao mpaka tufike. Wengine hawakuwa na simu, au namba zilikuwa za watu wengine sasa. Mingi tuliyoifikia kwanza ilikuwa imeoza nusunusu. Tuliifunga kamba, tukailaza chini, tukawaomba radhi wenyewe. Wengine walitushukuru. Mmoja, wa Mafinga, alituambia tumetumwa na wauza madishi.

Ubaruku ndiko tulikofika tukamkuta mtu yuko juu. Alikuwa mkulima wa mpunga, mnene, amevaa kandambili, amekumbatia mnara kwa mkono mmoja na mkono mwingine anageuza antena. Mke wake alikuwa ndani mbele ya televisheni, anampigia kelele kupitia dirishani: imekuja, imekuja, hapana, imepotea, rudisha. Kila alipogeuza, niliona mguu wa mnara ukitikisika kwenye zege kama jino la mtoto.

Nilifungua mdomo nimwambie ashuke haraka. Mzee Kihwele akanishika mkono. Akavua kofia, akamtazama yule bwana, akasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kutembea tu, "Bwana mkubwa, tumetoka mbali na tuna kiu. Shuka polepole utukaribishe maji. Usiruke, shuka tu."

Yule bwana alikasirika kidogo, maana picha ndiyo ilikuwa imetulia. Lakini mgeni ni mgeni. Akaanza kushuka. Mzee Kihwele aliendelea kumwuliza habari za mpunga, mwaka huu maji yametosha, ndege wamesumbua, na yule bwana akawa anajibu huku akishuka hatua kwa hatua.  Alipokanyaga chini na kutupa mkono, Mzee Kihwele aliushika mkono ule kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kisha akaomba ruhusa, akausukuma mnara kwa bega. Hakutumia nguvu. Miguu miwili ikakatika kwa pamoja na mnara ukalala juu ya lundo la pumba. Mke wa yule bwana alitoka nje kulalamika kwamba sasa hakuna picha kabisa, akaona, akanyamaza. Mume wake alikaa chini kwenye majani, anatazama kandambili zake. Hakuna aliyeleta maji, na hakuna aliyeyakumbuka.

Nilidhani hilo ndilo litakuwa kubwa kuliko yote. Jioni ile Mzee Kihwele alisema tumshukuru Mungu, hajaumia mtu. Tulikuwa tumebakiza mitatu.

Wa pili katika ile mitatu ulikuwa kwenye kijiji cha wakulima wa viazi milimani juu ya Mbeya. Jina la kijiji nitaliacha kwa heshima ya familia. Tulipanda kwa bodaboda mbili mpaka barabara ilipokwisha, tukatembea. Mzee Kihwele aliikumbuka nyumba: ya tofali, mlango wa buluu, juu ya bonde. Mwenyewe aliitwa Baba Huruma, mtu wa mzaha, aliyemsaidia kubeba kokoto mwenyewe. Tulipofika, mlango wa buluu ulikuwepo. Mnara haukuwepo.

Mama Huruma alitoka, akatukaribisha kwenye vibao. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye macho ya kuangalia moja kwa moja. Mzee Kihwele alijitambulisha kwamba ndiye fundi aliyejenga mnara wao. Akamuuliza Baba Huruma yuko wapi. Yule mama akasema alishafariki, huu mwaka wa kumi na moja. Tukampa pole. Kisha Mzee Kihwele akauliza, kwa sauti iliyokuwa imeshapungua, alifariki kwa nini.

Alitusimulia bila kulia, kama mtu aliyesimulia mara nyingi. Mume wake alipanda mnara mchana kweupe kugeuza antena. Hapakuwa na mvua wala upepo, hata majani ya mikaratusi yalikuwa yametulia. Mnara ukakatika chini, ukaanguka naye. Hakufika hospitali. Na watu wote waliokuja msibani walisema jambo moja: chuma kilichosimama kwenye zege hakianguki chenyewe siku isiyo na upepo. Siku mbili kabla, marehemu alikuwa amegombana na mdogo wake, Isaya, kuhusu mpaka wa shamba, na Isaya alitamka mbele za watu kwamba kaka yake atakuja kujuta. Hapo kila mtu akajua ni uchawi wa nani. Isaya alizuiwa kumzika kaka yake. Vijana walimfukuza na fimbo, nyumba yake ikachomwa, mke wake akarudi kwao. Sasa anaishi peke yake upande wa pili wa bonde.

"Namwona kila siku akilima," alisema Mama Huruma. "Sijampa salamu tangu siku ile."

Nilimtazama Mzee Kihwele. Nimemwona mtu amepigwa na umeme, na nimemwona mtu aliyeanguka kutoka juu. Sijawahi kuona uso kama ule.   Nilitamani sana aseme tumepotea njia, tumekuja kusalimia tu, kisha tuondoke. Nalikiri hili mbele yenu. Nilitamani anyamaze, na kama angenyamaza ningenyamaza naye.

Alisimama, akavua kofia yake.

"Mama," alisema, "si Isaya. Ni mimi."

Yule mama hakuelewa. Mzee Kihwele akamweleza pole pole, kwa maneno ya kawaida, habari ya mabomba, maji, na tundu ambalo hakulitoboa. Hakusema Mungu amependa, wala hakusema bahati mbaya. Mama Huruma alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Akasema tumelipwa na Isaya. Akasimama na kutuonyesha njia ya kutokea. Halafu akasita mwenyewe, akauliza kama kuna namna ya kuona.

Nyuma ya nyumba, katikati ya mgagani, msingi wa zege ulikuwa bado upo, na vishina vitatu vya mabomba vimechomoza juu yake kwa urefu wa kiganja. Hakuna aliyethubutu kuving'oa, kwa hofu. Nilitoa msumeno wa chuma, nikapiga magoti, nikakata kimoja karibu na zege. Hakikuchukua muda. Kilipokatika, maji yenye kutu yakatiririka juu ya zege. Nikampa kipande. Alikishika, akaingiza kidole, na ukuta wa bomba ukamomonyoka kama mkate mkavu. Akaingiza tena. Nikakata cha pili, maji yakatoka. Cha tatu hakikuhitaji msumeno, nilikivunja kwa mkono.

Yule mama alisimama pale na kidole chake chekundu kwa kutu. Niliona miaka kumi na moja ikimpita usoni, na siyo kwa ahueni. Ilikuwa kama mtu aliyeamshwa akajikuta amesimama katikati ya barabara. Alisema neno moja kwa lugha ya kwao, ambalo sikulielewa, na sikuuliza.

Kisha akaanza kuteremka bondeni, na kipande cha bomba mkononi. Mzee Kihwele alitaka kumfuata. Yule mama akamgeukia na kumwambia, "Wewe umeshasema la kwako, mzee. Hili ni langu."

Tulibaki uani tunatazama. Upande wa pili, mwanaume mmoja alikuwa anapalilia viazi. Alipoinua kichwa na kumwona shemeji yake anakuja na chuma mkononi, aliacha jembe lake likaanguka, akarudi nyuma. Akarudi tena nyuma. Hakuna aliyehitaji kutueleza anafikiri nini. Mama Huruma naye aliliona hilo, maana alisimama, akainama, akakiweka kile kipande chini kwenye tuta, akasogea pembeni. Maneno yao hatukuyasikia. Tulimwona Isaya akikaribia polepole, akikiokota, akikitazama, akikiinua usawa wa jicho na kuchungulia kupitia upande mmoja mpaka mwingine. Alichungulia muda mrefu. Kisha akakaa chini kwenye matuta, na yule mama akakaa chini naye, mbali kidogo.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea walipopanda pamoja. Isaya alikuwa mtu wa umri wangu, lakini nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Kwenye ua wa miti unaozunguka nyumba ya kaka yake alisimama. Hakuingia. Alisubiri, kama mtu asiyejua kama miguu yake inaruhusiwa.

"Karibu ndani, shemeji," alisema Mama Huruma.

Akaingia. Alimfuata Mzee Kihwele pale aliposimama na kofia mkononi, akamwamkia shikamoo, kwa sababu ni mkubwa wake. Mzee Kihwele aliitikia kwa shida. Kisha Isaya akamuuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Mzee, ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Nilisubiri aseme chochote cha kujitetea, na vilikuwepo. Hakuambiwa. Hakujua. Alikuwa mbali. Mzee Kihwele alimtazama usoni.

"Nilikuwa Iringa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa najenga minara mingine."